Pipa moja, sura tatu: kisa cha nitrati ya potasiamu kwenye miembe

Siku ya 21 baada ya kupuliza, shamba lilikuwa na sura tatu. Safu mbili za juu zilijaa mashada ya maua kutoka kileleni hadi matawi ya chini. Safu mbili za chini, zinazopakana na mfereji, zilikuwa zimevaa majani machanga mekundu, laini, yanayoning'inia, bila hata ua moja. Zile za kati zilionekana kama zimepitiwa na ndimi za moto: kingo za majani zimekuwa kahawia, ncha zimekauka, na chini ya miti pametapakaa majani yaliyopukutika. Miti yote ni ya aina moja na umri mmoja. Mchanganyiko ulikuwa mmoja, bomba lile lile, mpulizaji yule yule.

Shamba hili halipo kwenye ramani. Kisa kimeundwa kwa kukusanya mahali pamoja makosa yanayojirudia miembe inapopuliziwa chumvi za madini ili ichanue. Hesabu zake ni za kweli na mtu anaweza kuzirudia kwa mizani na ndoo yake mwenyewe.

Yaliyofanyika

Miembe ni 120 ya kubebesha, yaani iliyounganishwa, ina miaka 11, urefu wake ni kati ya mita 4 na 5, nayo imepandwa safu sita za miti 20. Msimu uliotangulia ilizaa mno. Msimu huu wakati wa kuchanua ulifika miti ikanyamaza, jambo la kawaida kwa mwembe unaozaa mwaka huu na kupumzika mwaka ujao. Mwenye shamba akanunua mfuko wa kilo 25 wa nitrati ya potasiamu. Na kwa kuwa kazi ya kupuliza ina gharama, akaona bora apige ndege wengi kwa jiwe moja: akaongeza kila chumvi inayosifiwa kwa maua au matunda. Kila pipa la lita 200 likapata:

- nitrati ya potasiamu, kilo 5
- nitrati ya kalsiamu, kilo 2
- yurea, kilo 1
- salfeti ya zinki, kilo 1
- asidi ya boroni, gramu 400
- sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwa kukisia

Kipimo alichopewa cha nitrati ya potasiamu kilikuwa asilimia 2, yaani kilo 4 kwa pipa. Mapipa matano yangemaliza kilo 20. Zile kilo 5 za ziada aliona zitagandamana stoo, akazigawa kilo moja moja kwenye kila pipa.

Vyote viliyeyushwa pamoja kwenye ndoo ya lita 20, vikamiminwa pipani, pipa likajazwa maji, likakorogwa kwa fito mara moja. Kila mti ulipata takriban lita 8. Safu za juu zilipulizwa siku ya kwanza kuanzia saa 10 jioni. Za kati zilianza siku ya pili saa 4 asubuhi, kwa masalia ya pipa la pili lililolala usiku kucha, zikamalizika saa 7 mchana. Za chini zikapulizwa jioni hiyo hiyo.

Safu za juu: jicho lilikuwa tayari

Ni rahisi kusema kwamba safu za juu ndizo zilizopulizwa vizuri. Ukweli ni kwamba zilipulizwa kwa pipa bovu kama wenzake, ila miti yenyewe ilikuwa imeshaiva kwa kazi. Udongo wa juu una changarawe na haushiki maji. Matawi hayakukatwa baada ya mavuno, na vitawi vya mwisho vilikuwa na umri wa miezi saba hivi.

Nitrati haimlazimishi mwembe kutoa maua. Inaamsha jicho la kileleni, yaani chipukizi lililolala kwenye ncha ya kitawi. Jicho likishaamka, litoe ua au litoe jani ni uamuzi ambao mti umeshaufanya kabla bomba halijafika. Pale usiku unaposhuka chini ya nyuzi 15 kwa wiki kadhaa, baridi ndiyo inayoamua, na mwembe huchanua hata bila kupulizwa. Kwenye joto la mwaka mzima, anayeamua zaidi ni umri wa kitawi. Kitawi kilichotimiza miezi sita hadi minane hutoa maua kwa uhakika mkubwa. Cha wiki 16 hadi 20 ni bahati nasibu yenye matumaini. Cha chini ya hapo hutoa majani.

Utaalamu huu ulianzia Ufilipino. Huko wakulima walikuwa wakichoma takataka chini ya miembe na kuifukiza moshi kwa siku nyingi mfululizo ili ichanue. Miaka ya 1970 Ramon Barba akaonyesha kwamba nitrati ya potasiamu hufanya kazi hiyo kwa mpulizo mmoja, na kwa aina ya mwembe iitwayo Carabao hata asilimia 1 inatosha. Aina nyingine hutaka 2 hadi 4. Kinachofanya kazi ni ile nitrati. Salfeti ya potasiamu ina potasiamu nyingi lakini haiamshi jicho, ilhali nitrati ya kalsiamu, isiyo na potasiamu kabisa, huliamsha.

Kuujua mti ulio tayari hakuhitaji maabara. Chuma jani la kitawi cha mwisho, likunje kwenye kiganja na ulibane. Jani lililokomaa hulia "kra" na kuvunjika vipande. Lisilokomaa hukunjika kama kitambaa na kujirudi. Rangi iwe kijani kizito, bila wekundu wala njano-kijani. Gome la kitawi liwe limeanza kuacha ukijani na kushika ukijivu. Jicho la kileleni liwe nene, limefunga, halijaanza kuchongoka. Fanya hivyo kwa vitawi 20 kwenye kila safu, kumi upande wa mashariki na kumi wa magharibi, maana mti mmoja huweza kuwa na umri mbili. Vitawi 16 kati ya 20 vikifaulu, puliza. Vikifaulu 10, subiri.

Safu za chini: dawa ilifanya kazi yake

Wengi wakiona majani mapya badala ya maua husema dawa ni feki. Kwa safu za chini dawa ilifanya kazi barabara: macho yaliamka karibu yote kwa pamoja, siku ya kumi hivi. Ila miti hii ilipogolewa wiki tisa kabla, ikamwagiwa samadi, na mfereji ukawa unavuja kwenye mizizi muda wote. Vitawi vilikuwa na wiki saba. Macho machanga yakaamshwa, yakafanya yanachojua.

Naitrojeni nayo ilichangia. Kwenye maeneo ya joto, mwembe unaotakiwa kuchanua unafaa uwe na naitrojeni ya majani kati ya asilimia 1.1 na 1.4. Ukizidi hapo, mti hutoa majani kila unapopata maji, na vitawi vyake havipati muda wa kuzeeka. Samadi baada ya kupogoa si kosa lenyewe kwa lenyewe. Kosa ni kuitoa nyingi, kuendeleza maji, kisha kutaka maua baada ya miezi miwili.

Na yurea kwenye pipa? Kwa safu hizi ilikuwa kuchochea moto unaowaka tayari. Yurea ya majani ina mahali pake kwenye miti mingine ya matunda, hasa michungwa kabla ya kuchanua, na hata huko inatakiwa ile yenye biureti (uchafu unaojitokeza yurea inapotengenezwa) chini ya asilimia 0.25, maana biureti hujilimbikiza kwenye jani na kugeuza ncha yake kuwa ya njano. Yurea ya mfuko wa kawaida wa kupandia mahindi haijatengenezwa kwa sharti hilo.

Safu za kati: palipoungua

Hapa ndipo pana mafunzo mengi, kwa sababu kuungua kulikuwa na sababu nne zilizopandana, na kila moja peke yake ingeweza kuvumilika.

Ya kwanza ni jumla ya chumvi. Mwenye shamba alihesabu kila kitu kivyake, kwa asilimia: potasiamu 2.5, kalsiamu 1, yurea 0.5, zinki 0.5, boroni 0.2. Kila namba inaonekana ya kawaida. Jani halisomi lebo moja moja. Linapokea jumla, nayo ni kilo 9.4 kwenye lita 200, yaani asilimia 4.7. Halafu nitrati ya kalsiamu ya shambani, kwa uzito, hubeba nitrati karibu sawa na ile ya potasiamu. Kwa hiyo nitrati peke yake ilikuwa kama ya asilimia 3.5, kwa mtu aliyekusudia 2.

Ya pili ni ndoo. Nitrati ya potasiamu ikiyeyuka hunyonya joto la maji. Tia kilo 5 kwenye lita 20 za maji ya nyuzi 25 na ukoroge: ndoo itatoa jasho kwa nje na mkono utahisi baridi ya friji. Maji hushuka hadi karibu nyuzi 9. Na maji baridi huyeyusha kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja huchukua takriban gramu 316 za chumvi hii, kwenye nyuzi 0 huchukua gramu 133 tu. Matokeo yake ni kwamba kilo nne huyeyuka na kilo moja hivi hubaki chini ya ndoo. Hapo hatujaweka yurea, ambayo nayo hupoza maji.

Ile kilo moja ilimiminwa pipani na kutua chini. Kwenye lita 200 ingeyeyuka vizuri kama pipa lingekorogwa. Bila kukorogwa, huyeyuka taratibu na kubaki chini kama sukari kwenye kikombe cha chai kisichokorogwa. Mabomba kumi ya mwanzo ya lita 16 yakachota maji mepesi ya juu. Lita 40 za mwisho zikabeba kilo nzima ya ziada, sawa na asilimia 2.5 juu ya ile iliyokuwemo. Ndiyo maana hata kwenye safu za juu kulikuwa na miti michache iliyoungua ncha: ni ile iliyopata bomba za mwisho za pipa la kwanza. Safu za kati zilianza siku na masalia ya pipa la pili, yaliyotulia usiku mzima.

Ya tatu ni tope jeupe. Nitrati ya kalsiamu na salfeti ya zinki zikikutana kwenye ndoo yenye maji kidogo, kalsiamu hushika salfeti na kuwa jasi, kitu kile kile cha kupigia dari. Jasi huyeyuka gramu 2.4 hivi tu kwa lita. Kwenye ndoo iliyokolea hivyo, inayozidi hugeuka chembe nyeupe, nazo huziba chujio na nozeli. Nozeli ikiziba nusu haitoi ukungu tena, hutoa mchirizi. Mpulizaji akafungua nozeli, akapanua tundu kwa sindano, akaendelea. Kuanzia hapo kila mti ulikuwa ukipokea matone makubwa yanayotiririka hadi kwenye ncha ya jani na kuning'inia hapo. Tazama jani lililoungua kwa karibu utaiona historia hiyo: alama ya kahawia imeanzia nchani, ikapanda kwa kingo zote mbili, na katikati ya jani kumebaki kijani. Jani lililoungua kwa ugonjwa kwa kawaida halina mpangilio huo; madoa ya chule, ugonjwa wa ukungu, hutawanyika popote.

Ya nne ni saa. Jani hunyonya chumvi ikiwa bado ni maji, na kila chumvi ina kiwango chake cha unyevu wa hewa ambacho chini yake hukauka na kuwa fuwele. Kloridi ya kalsiamu hubaki majimaji hata hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 33. Nitrati ya kalsiamu hutaka 56. Nitrati ya potasiamu ni ngumu kuliko zote hizo: hutaka karibu 95, unyevu unaopatikana usiku wa umande na alfajiri. Ukiipuliza jioni, hulowa usiku kucha na jani hunywa. Ukiipuliza saa 5 asubuhi juani, maji hukauka kwa dakika chache. Kabla tu ya kukauka, tone lililobaki huwa limekolea mara nyingi kuliko lilivyotoka kwenye bomba, na hapo ndipo huunguza. Sabuni ya kuosha vyombo, iliyokisiwa kwa kumimina, iliongeza ubaya kwa kuvua nta inayolinda jani. Nusu ya kipimo hicho hicho, jioni, ingeamsha macho mengi zaidi ya kile kilichopulizwa mchana.

Kila chumvi na siku yake

Tuseme ndoo ingechanganywa kwa mikono ya dhahabu na kupulizwa kwa wakati: pipa hili bado lingekuwa kosa. Chumvi tano zile hazifanyi kazi siku moja, na mbili kati yake hutaka majani ya tabia zinazopingana.

Nitrati hutaka kitawi kizee na jani lililokomaa. Zinki hutaka jani changa. Jani la mwembe lililokomaa lina nta nene na zinki nyingi hubaki nje, ikisubiri mvua iioshe. Zinki ipulizwe baada ya mavuno, majani mapya yakishafunguka lakini yangali kijani chepesi: gramu 300 za salfeti ya zinki kwa lita 100, pamoja na gramu 150 za chokaa iliyozimwa ili kupunguza makali. Angalia mfuko. Ile yenye zinki asilimia 22 hivi ndiyo ya kipimo hiki. Ile kavu zaidi yenye 35 ipunguzwe hadi gramu 190. Mti unaohitaji zinki hujitangaza wenyewe: majani madogo, membamba, yaliyosongamana kileleni kama ua la waridi, hasa kwenye udongo wenye chokaa nyingi. Mti usio na dalili hizo hauna haja ya kupewa.

Boroni ni ya chavua. Bila boroni mrija wa chavua haukui kufikia yai, na ua huanguka hata likitembelewa na nzi mia. Ila boroni haina huruma: nafasi kati ya kutosha na sumu ni nyembamba kuliko ya madini mengine ya mmea. Gramu 100 za asidi ya boroni kwa lita 100, mara moja, shada likiwa na urefu wa kidole hadi kabla ya maua kufunguka. Kwenye kisa hiki iliwekwa mara mbili ya hiyo, tena kabla hata shada halijatokeza. Mwenye boraksi badala ya asidi akumbuke kwamba boraksi ina boroni asilimia 11 tu dhidi ya 17, na hugeuza maji kuwa ya magadi.

Kalsiamu haihami kutoka jani kwenda tunda. Ikitua kwenye jani inabaki hapo. Kupuliza kalsiamu kwenye mti usio na tunda kwa ajili ya ubora wa tunda ni kumwagia maji ukuta ili bustani iote. Hungojewa matunda, kisha hupulizwa mara kadhaa kwa kulowesha tunda lenyewe, nitrati ya kalsiamu asilimia 0.5 hadi 1.

Kwa siku ya kuamsha macho, basi, pipa libebe nitrati peke yake na kilowanishi (kimiminika cha kufanya maji yatande kwenye jani) kilichotengenezwa kwa kupulizia mimea, kwa kipimo cha lebo yake. Kazi huenda hivi. Puliza kwanza mti mmoja kwa maji matupu hadi majani yaanze kudondosha, uhesabu lita. Zidisha kwa idadi ya miti. Pima chumvi kwa mizani. Kikombe cha chembechembe na kikombe cha unga havina uzito mmoja. Kwa asilimia 2, bomba la lita 16 linataka gramu 320, la lita 20 gramu 400, pipa la lita 200 kilo 4. Jaza pipa maji hadi robo tatu ndipo umimine chumvi kidogo kidogo huku mwenzako akikoroga, sio ndoo kwanza. Pitisha mkono au fito chini ya pipa: ukisikia mchanga, bado. Jazia maji, koroga, na ukoroge tena kila bomba linapochotwa. Anza jua likipoa, na umalize kabla giza halijaingia, ili uone unachopuliza. Lowesha vitawi vya kileleni pande zote za majani. Shina halihitaji kitu. Mvua kubwa ikinyesha ndani ya saa chache, nyingi imeoshwa.

Siku kumi kabla ya kazi yote, puliza tawi moja kwenye kila safu na ufunge utepe. Siku ya tatu tawi litakwambia kama kipimo kinaunguza. Siku ya kumi litakwambia kama macho yanavimba, na ukikata jicho moja lililovimba kwa wembe katikati utaona vinundu vya mashada au vijani vilivyokunjana. Tawi la majaribio lingegharimu hapa lita mbili za maji.

Jambo moja la stoo, kwa kuwa husahaulika: nitrati huwezesha moto kuwaka kwa nguvu. Mfuko wake usilale karibu na petroli ya bomba la injini, wala maranda ya mbao, wala salfa ya kuua ubwiri unga, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo huwekwa rafu moja nayo.

Maua si matunda bado

Safu za juu zilichanua kikamilifu wiki ya nne na tano. Shada moja la mwembe lina maua mamia, pengine maelfu, na yanayofika kuwa embe la kuvunwa hayafiki moja kwa mia hata msimu ukiwa mzuri. Kwa hiyo shada kupoteza maua si habari. Habari ni shada kuwa jeusi. Asubuhi za umande zilileta chule: vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu kwenye vikonyo, vikaungana, ua likakauka likiwa limeshikilia. Ukiamsha mti nje ya msimu wake, unauchanulisha wakati ambao huenda una mvua na umande ambao maua ya kawaida huukwepa. Dawa ya ukungu ya kulinda, ya kopa au mankozebu, hutakiwa shada likiwa linarefuka, kabla ua halijafunguka, na tena kulingana na lebo. Hapa ilipulizwa siku ya 30, vidoa vikiwa vimeshaonekana. Mbaya zaidi, ilichanganywa na dawa ya wadudu na kupulizwa saa 3 asubuhi, maua yakiwa wazi na nzi wachavushaji wakiwa kazini. Ubwiri unga ungekuja, salfa ingefaa, ila sio kwenye joto la nyuzi 32 na kwenda juu, maana nayo huunguza.

Kuna na uwezo wa mti wenyewe. Mwembe uliobeba mzigo mkubwa mwaka jana haujarudisha akiba yake. Utachanua ukiamshwa, lakini kulea ni shughuli nyingine. Maji yarudishwe matunda yakifika ukubwa wa punje ya njegere, na shada lililobeba vitunda vingi lipunguzwe. La sivyo mti utajipunguzia wenyewe, na hautachagua vizuri.

Kinachofanyika sasa

Safu za kati zisiguswe kwa chumvi yoyote. Kama kuungua kungegunduliwa siku ile ile, maji safi mengi juu ya majani yangeokoa sehemu kubwa. Siku ya 21 hakuna cha kuosha. Kwaruza jicho la kileleni kwa ukucha. Likiwa kijani na unyevu ndani, kitawi ki hai, na pengine jicho litatoa kitu lenyewe. Likiwa kahawia na kavu, macho ya pembeni chini yake yatashika nafasi. Usikate vitawi hivyo kwa haraka ya kusafisha shamba. Majani yaliyoungua kingo tu bado yanalisha mti. Maji ya kawaida yanatosha. Mbolea ingoje chipukizi jipya.

Safu za chini hazina maradhi. Kuzirudia kwa nitrati, kama wengi wanavyoshauriwa kufanya baada ya wiki mbili bila maua, kungefaa kwa macho ambayo hayakuamka. Haya yameamka. Yakipulizwa tena sasa, majani haya mekundu yataungua kama karatasi. Andika kwenye ubao wa kila safu tarehe majani yalipotoka. Majani yakianza kuiva kuwa kijani chepesi, hiyo ndiyo nafasi ya zinki kama dalili zipo. Ziba uvujaji wa mfereji mapema, na samadi isirudi kabla ya maua. Wiki ya 20 chuma majani na uyabane kwenye kiganja. Kwa kuwa udongo huu hushika maji, usishangae ukilazimika kungoja hadi wiki ya 26. Siku hiyo chagua miti minne, miwili kila safu, uipulize asilimia 2 jioni, na miti 36 iliyobaki isubiri siku kumi uone kilichomo ndani ya jicho.